Kutoka Upper Hill hadi Utawala: Shajara ya Mhandisi Mjengoni

Jumapili, Gikomba, Nairobi

Nimepata buti. Ni za mtumba, zina chuma vidoleni, na soli yake bado nzito. Muuzaji aliuliza kama ni za mzee wangu. Nilipomwambia ni zangu, akachimbua guniani hadi akapata saizi yangu. Kutoka hapo nimevuka hadi Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, nikachukua timazi, futi kamba na koleo ya kufungia waya.

Kazi yangu ni kukokotoa na kuchora miundo ya majengo: misingi, nguzo, bimu, slabu. Tangu nimalize chuo kikuu nimeifanyia ofisini, Upper Hill. Mjengoni huwa nafika kwa ukaguzi tu: napitisha macho kwenye vyuma kabla konkriti haijamwagwa, naweka sahihi, naondoka. Mhandisi mhitimu anatakiwa awe na uzoefu wa angalau miaka 3 kabla Bodi ya Wahandisi haijamsajili kuwa mhandisi mtaalamu. Daftari langu la uzoefu limejaa, lakini karibu kila ukurasa unaeleza kitu nilichokifanya nikiwa nimekaa. Ndiyo maana nimechukua likizo yangu ya mwaka. Mwanakandarasi mmoja ninayemfahamu amekubali niingie kwenye mjengo wake Utawala kama mtu wa mkono. Michoro ya jengo hilo ni ya ofisi nyingine, kwa hiyo sitakuwa na cha kukagua wala cha kutetea.

"Ukija unashika kazi," ameniambia kwa simu. "Hapa hatuna kiti cha mgeni."

Jumatatu

Kutoka Donholm nimepanda matatu kabla hakujapambazuka, nikashuka Taj, nikapanda nyingine ya Utawala. Lile jumba la maduka lililoipa steji jina lake lilibomolewa mwaka 2018, na makanga bado wanaita "Taj! Taj!" kila asubuhi. Ukishapita Embakasi, nyumba nyingi zina vyuma vilivyochomoza juu ya paa, vimeshika kutu vikingoja pesa za ghorofa nyingine.

Bango la Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi liko langoni. Ndani kuna majengo mawili ya fleti: la kwanza limefika slabu ya ghorofa ya tatu, la pili bado ni mitaro. Msimamizi, mzee mwenye sauti ya chini sana kwa mtu wa kazi hii, amenisalimia, "Karibu madam," akanipa sururu na kunionyesha mtaro.

Udongo wa huku ni mweusi, kama ulivyo sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa jiji. Ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka nyufa zinazomeza kiganja. Nyumba iliyoketi juu yake inainuliwa na kushushwa kila msimu mpaka kuta zinaachana. Dawa ni kuuchimba wote hadi ufike kwenye maramu au mwamba. Mimi nimeandika maneno hayo kwenye michoro mara nyingi: chimba hadi tabaka gumu. Leo nimejua yana uzito gani. Udongo huu haudondoki kutoka kwenye sepetu, unang'ang'ania, na kila unapotupa juu unatupa na nguvu zako nusu.

Ripoti ya udongo inasema tabaka gumu liko mita 1.4. Upande wa kaskazini ndivyo ilivyokuwa. Kwenye pembe ya kusini tulifika kina hicho, nikatoa futi kamba kuhakikisha, na kijana niliyekuwa naye akatikisa kichwa.

"Bado, injinia. Sikiza."

Akapiga mtaimbo chini. Mlio ulikuwa mzito, umefungwa. Akanipeleka upande wa kaskazini, akapiga tena, na huko mtaimbo ulilia na kumrudia mkononi. Tukarudi kusini, tukachimba hadi mita 1.9, ndipo ulipolia. Shimo la majaribio lilichimbwa upande ule mwingine wa kiwanja. Mtu wa ripoti alipima alipopima, na ardhi haikumuahidi kwamba itakuwa sawa kila mahali. Msimamizi amemwita mhandisi mkazi, wameafikiana msingi ushuke kwa ngazi kwenye pembe ile.

Mikono imetoka malengelenge. Mama wa chakula ameniona nikiyatazama, akaniwekea ugali na sukuma wiki, akaniambia nile kwa mkono wa kulia tu, wa kushoto niupumzishe.

Jumanne

Leo tumepanga mistari ya kuta kwenye jengo la pili. Hakuna chombo cha kisasa, kuna kamba, misumari na mbao za profaili. Pembe mraba tunaipata kwa kupima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Kamba inayounganisha ncha hizo ikitoa mita 5 kamili, pembe imekaa. Kisha tunapima mishazari miwili ya jengo zima. Ilitofautiana kwa milimita 30, na hakuna aliyesema "hiyo ni kidogo." Tulirudia.

Kuhamisha kimo kutoka pembe hadi pembe wanatumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji. Mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, maji yakitulia wanachora alama. Sharti pasiwe na povu la hewa ndani. Fundi aliupitisha mpira wote vidoleni, polepole, akilitafuta hilo povu kabla ya kuamini alama hata moja.

Jumatano

Nimekabidhiwa kwa mzee wa chuma. Vijana wanamwita hivyo tu, Mzee wa Chuma, na anapopita wanampisha. Meza yake ni ubao mnene uliopigiliwa vipande vya chuma, na juu yake anakunja ringi za nguzo, vile vyuma vyembamba vinavyozunguka vyuma vikuu, kwa bomba refu: kunja, geuza, kunja, geuza, zote zinatoka sawa. Zangu za kwanza zilikuwa na pembe zilizolegea. Alinionyesha kwamba bomba lisogee karibu na kipini kabla ya kuvuta, na mwili ndio uvute, mkono ufuate.

Baada ya chai alifungua karatasi ya orodha ya vyuma akaniuliza swali ambalo nitalibeba hadi ofisini.

"Injinia, chuma kinauzwa urefu gani?"

"Mita 12."

"Na huyu ameniandikia vipande vya mita 6.2. Nikikata kimoja, ninabaki na nini?"

Mita 5.8. Kwa chuma kimoja unapata kipande kimoja, na kinachobaki hakitoshi cha pili. Chuma cha milimita 12 kina uzito wa kilo 0.888 kwa mita, kwa hiyo kila mara mzee anapokata anaweka kando zaidi ya kilo 5 za mali ya mtu. Vipande hivyo atavitafutia kazi kwingine, lakini si vyote. Maungio, pale chuma kimoja kinapopishana na kingine, yalikuwa yamepewa urefu mkubwa kuliko unaohitajika. Kanuni ya mara 40 ya kipenyo inatoa milimita 480, na mchoraji alikuwa ameongeza akaona ni salama. Mita 6 kamili ingewezekana, vipande viwili kwa kila chuma, bila kupunguza usalama hata kidogo.

Kompyuta haijali kama kipande ni mita 6 au 6.2. Mtu anayejenga nyumba kwa mkopo wa sako anajali sana, na ni haki yake mchoraji amjali.

Alhamisi

Siku nzima juu ya slabu ya ghorofa ya tatu, nimepiga magoti, nikifunga waya. Fundo la waya lina namna yake: unaupitisha mshazari chini ya makutano ya vyuma, unauvuta juu, unausokota kwa koleo huku ukiuvuta, unaacha kabla haujakatika. Kijana wa kando yangu anafunga mafundo matatu nikifunga moja.

Mzee wa Chuma aliniita kwenye makutano ya bimu na nguzo.

"Ingiza kidole."

Hakikuingia.

Bimu ina upana wa milimita 230, sawa na jiwe la inchi 9 litakalokaa juu yake. Juu ya nguzo, mchoro unataka vyuma 6 vya milimita 16, vyote kwenye safu moja. Nilikokotoa pale pale kwenye kipande cha katoni. Toa milimita 25 za kifuniko cha konkriti kila upande na ringi za milimita 8, unabaki na milimita 164. Vyuma vyenyewe vinachukua 96. Zinabaki 68 za kugawa kwenye nafasi tano, yaani chini ya milimita 14 kila moja. Kokoto tunayotumia ni ya milimita 20.

"Kokoto itapita wapi?" mzee aliuliza. "Itakaa hapa juu, chini paingie uji peke yake ama hewa. Ukitoa mbao utaona mashimo, fundi wa plasta anaziba, watu wanahamia."

Hapo ndipo mzigo wa ghorofa unapoingia kwenye nguzo. Kwa hesabu, mchoro hauna kosa: eneo la chuma ni milimita mraba 1,206, na bimu inahitaji karibu hizo. Lakini hesabu ile inachukulia kwamba kila chuma kimekumbatiwa na konkriti pande zote. Ukiweka vyuma 4 vya milimita 20 badala yake, unapata milimita mraba 1,257, chuma zaidi kidogo, na nafasi zinakuwa tatu za milimita 28 kila moja. Kokoto inapita. Poka, kile chombo cha kutikisa konkriti ili ishuke na kujaa, ya milimita 25 inapita. Kanuni tuliyofundishwa, kwamba nafasi isipungue ukubwa wa kokoto ukiongeza milimita 5, inatimia.

Mzee alikuwa na vyuma vya milimita 20 uani, na angeweza kubadilisha kabla ya saa sita bila mtu kujua. Hakubadilisha. Msimamizi alipiga picha, akaandika swali kwa ofisi iliyochora, akaambatanisha hesabu, na kazi ya makutano yale ikasimama. Jioni ulikuja mchoro uliorekebishwa, na sahihi juu yake. Nimeliheshimu hilo kuliko jambo lolote nililoliona wiki hii. Fundi mwenye ujuzi kuliko mchoro bado anamrudishia mchoraji mchoro wake, kwa sababu kesho mwingine mwenye ujuzi mdogo atataka kubadilisha pia. Na ofisi ilijibu siku ile ile, jambo ambalo si ofisi zote hufanya.

Ijumaa

Roshani. Kama kuna sehemu moja ya jengo ambayo kila mchoraji anapaswa kuifunga waya kwa mikono yake mwenyewe, ni hii.

Slabu ya kawaida, iliyoshikwa pande zote, inapinda katikati kwenda chini, na chuma chake kikuu kinakaa chini. Roshani inaning'inia upande mmoja tu, kwa hiyo inavutika juu, na chuma chake kikuu lazima kikae juu. Hilo analijua mwanafunzi wa mwaka wa pili. Lakini nani anakishikilia chuma huko juu kabla konkriti haijafika? Kwenye karatasi kinaelea. Mjengoni kinahitaji miguu, na miguu hiyo tunaiita viti: vipande vya chuma vilivyokunjwa vinavyosimama juu ya safu ya chini na kubeba safu ya juu. Mchoro wetu haukuonyesha kiti hata kimoja. Mzee huvitengeneza kwa mabaki ya milimita 10 bila kuambiwa.

Niliamua kusimama juu ya chuma cha roshani penye viti vilivyoachana mita moja na zaidi. Kilishuka chini ya buti langu, na nilipoondoka hakikurudi chote. Fanya hesabu: slabu ni milimita 150. Toa 25 za kifuniko na nusu ya chuma cha 12, kina kinachofanya kazi ni 119. Watu wa wilbaro wakikikanyaga kikashuka milimita 40, kinabaki 79. Theluthi ya nguvu ya roshani imekwenda, na juu utaona sakafu laini, vigae vizuri, na nguo zimeanikwa.

Tumeongeza viti, kila milimita 600. Nimevikunja mimi. Chini tumepanga biskuti, vile vijiwe vya simiti na mchanga vinavyoinua safu ya chini isilale kwenye mbao, na juu ya njia ya wilbaro tutaweka mbao za kukanyagia ili mguu usiguse chuma kabisa.

Wakati wa chakula tulikuwa tumekaa kivulini na githeri, mazungumzo yakaenda Huruma. Usiku wa mvua, tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa 6 liliporomoka na watu wasiopungua 49 wakafa. Mtoto mchanga alitolewa hai baada ya zaidi ya siku tatu. Fundi mmoja alikuwa akiishi mtaa huo wakati huo, na alichimba kwa mikono na wenzake hadi wanajeshi wakawaambia warudi nyuma. Alisimulia bila kupandisha sauti. Alipomaliza hakuna aliyeongeza neno, na kila mtu alirudi kazini kabla saa haijafika. Nilimwona akienda moja kwa moja kwenye roshani, akaanza kutikisa viti kimoja baada ya kingine.

Jumamosi

Siku ya kumwaga.

Saa kumi na mbili na nusu watu walikuwa wameshajipanga: wa mchanga, wa kokoto, wa simiti, wa mikisa, wa wilbaro, wa winchi ya kupandishia, wa poka, wa kusawazisha, na kina mama wa maji. Kipimo kilikuwa sanduku la mbao linalomeza mfuko mmoja wa simiti kamili. Mfuko 1, mchanga sanduku 1 na nusu, kokoto masanduku 3. Maji, lita 25 kwa kila mfuko wa kilo 50, yaani nusu ya uzito wa simiti.

Asubuhi nilikaa na koni ya chuma ya kupimia ulaini wa konkriti. Ina kimo cha milimita 300; unaijaza kwa tabaka tatu, kila tabaka mapigo 25 ya fimbo, unaivuta juu polepole, unapima konkriti imeshuka kiasi gani. Ilishuka milimita 70. Nzuri. Nikajaza vibao vya mchemraba vya milimita 150 kwa ajili ya maabara. Michemraba yenyewe itavunjwa baada ya siku 7 na siku 28. Hii ni konkriti ya daraja la 25: mchemraba huo mdogo, ambao mtoto anaweza kuukalia, unatakiwa kubeba takriban tani 57 kabla haujapasuka.

Karibu na saa nne nilipima tena. Koni iliinuka na konkriti ikatandazika, milimita 150. Nilikwenda kwenye mikisa. Kijana wa maji alikuwa anaongeza, na sababu yake ilikuwa wazi usoni: konkriti nzito haitoki haraka kwenye pipa, wa wilbaro wanamkemea, wa juu wanataka ilainike wasihangaike kuivuta. Kila mtu kwenye mnyororo ule anaomba maji, na yeye peke yake ndiye wa kukataa. Lita 5 za ziada kwa mfuko zinapandisha uwiano wa maji kwa simiti kutoka 0.5 hadi 0.6, na maji hayo yakikauka yanaacha vitundu ambavyo hakuna chuma kitakachoviziba. Tena mchanga ulikuwa umenyeshewa usiku, umekuja na maji yake.

Msimamizi hakumkaripia. Alichukua mtungi, akaukata shingo kwenye alama ya kiasi kinachotakiwa baada ya kutoa maji ya mchanga, akamwambia kijana, "Huu ukijaa, basi. Mtu akikusumbua, mwambie anitafute mimi." Mkorogo uliokuwa chini haukupandishwa, ulikwenda kwenye njia ya miguu. Koni ilirudi milimita 75 na ikakaa hapo. Mimi katika michoro yangu huandika daraja la konkriti kwa herufi kubwa na kuona nimeshalinda jengo. Lililolilinda jengo hili leo ni mtungi uliokatwa na mzee aliyekubali kulaumiwa badala ya kijana.

Mchana nikapewa poka. Unaizamisha wima, unahesabu hadi mapovu yakome, unaitoa polepole ili shimo lijifunge, unasogea nusu mita hivi, unazamisha tena. Haigusi chuma, wala haisukumi konkriti kando. Kwenye makutano yaliyorekebishwa ilishuka hadi chini bila kukwama. Nilihisi mtikisiko ukifika hadi begani, na uso wa konkriti ukang'aa, dalili kwamba imejaa. Mzee wa Chuma alikuwa amesimama karibu. Alitikisa kichwa mara moja kukubali, akaenda.

Saa tisa wingu lilikuja kutoka upande wa Athi. Ilibaki sehemu moja ya slabu. Swali lilikuwa tusimamie wapi, na walipolijadili nilisikia somo langu la chuo likisemwa kwa maneno mengine. Kijana mmoja alitaka tumalizie kwenye mstari wa nguzo, paonekane nadhifu. Mzee akasema hapana, nguzoni ndipo slabu inapokatwa na mzigo. Tusimame kati ya bimu na bimu, karibu na katikati, ambapo mkato ni mdogo. Ukingo ukasimamishwa wima kwa mbao, si kuachwa umeteremka kama mchanga. Karatasi za nailoni zilitandazwa wakati matone ya kwanza yakianguka.

Malipo yameingia kwa M-Pesa watu wakiwa wamejikinga chini ya slabu ya ghorofa ya pili. Simu zililia moja baada ya nyingine. Yangu haikulia, na haikupaswa.

Jumapili

Nimekuja asubuhi kumwagilia. Slabu inahitaji kubaki na unyevu siku 7 angalau, na Jumapili ndiyo siku ambayo slabu nyingi za jiji hili huachwa jua liziangalie. Mlinzi alifungua bomba, tukatandaza magunia, tukayalowesha. Mchana ameahidi kurudia.

Jumatatu

Michemraba imetolewa kwenye vibao na kuzamishwa majini. Kwenye ukingo wa Jumamosi tulichokoa uso hadi kokoto zionekane, tukaulowesha, tukaupaka uji wa simiti, kisha tukamwaga sehemu iliyobaki. Mgongo unauma, na sina la kueleza zaidi.

Jumatano

Kutoa propu (nguzo za muda) za ghorofa ya chini, ambako konkriti imeshakomaa. Kwenye vyumba walianzia katikati wakielekea kwenye bimu. Kwenye roshani walianzia ncha ya nje wakirudi ndani. Nilimuuliza kijana kwa nini, akasema ndivyo alivyofundishwa. Sababu ni nzito: ukitoa za ndani kwanza ukaacha ya nje, roshani inakuwa imeshikwa ncha mbili, inapinda kwenda chini katikati, na chini hakuna chuma cha kutosha kuibeba. Inaweza kuvunjika ikiwa bado imeegemezwa. Tulichora pamoja vumbini, ikipinda hivi, ikipinda vile, na vijana wengine wakasogea. Mmoja aliuliza kuhusu ngazi, mwingine kuhusu tangi la maji juu ya paa. Tulichelewa kurudi kazini, na msimamizi alituona akajifanya hakuona.

Ijumaa

Kazi yangu ya mwisho imekuwa kufunga ringi za nguzo za ghorofa ya nne. Mahali pengine zimekaribiana kiasi kwamba koleo haigeuki. Nikamwomba Mzee wa Chuma aweke mkono wake, na koleo ndani yake, kwenye nafasi anayohitaji ili afunge fundo lisilolegea, nami nikapima kwa futi kamba. Nikapima na wa kijana mwenye mkono mkubwa kuliko wote. Milimita 120 hivi. Nimeandika ndani ya jalada la daftari.

Mama wa chakula amekataa pesa ya leo.

Jumatatu, Upper Hill

Asubuhi nimezungumza na mkuu wangu. Nimependekeza kila mhitimu anayeingia ofisini akae mjengoni tangu chuma kinapokatwa hadi propu zinapotolewa, kabla hajapewa bimu ya kuchora peke yake. Amesema itaigharimu ofisi. Nimemwonyesha kile kipande cha katoni chenye hesabu ya bimu. Tutaanza na wawili, mwezi ujao.

Mchoro ulio mezani ni wa fleti za Kasarani. Nimeongeza viti kwenye roshani, vyenye kipenyo na nafasi, vikiwa na namba yao kwenye orodha ya vyuma ili mwanakandarasi avilipie badala ya kuviokoteza. Vipande vya mita 6.3 nimevirudisha mita 6 baada ya kukagua maungio. Makutano yote ya bimu na nguzo nimeyachora kwa ukubwa halisi, kila chuma na unene wake, kokoto na poka zikiwa zimechorwa kando yake.

Kisha nimepiga picha ya makutano moja na kumtumia Mzee wa Chuma kwa WhatsApp. Amejibu kwa sauti, winchi ikinguruma nyuma yake: "Nimeona, injinia. Juu iko sawa. Lakini hii ringi ya tatu kutoka chini, nikishaweka chuma cha bimu ya pili, nitaifungia upande gani?"

Nimeirudia karatasi. Chuma cha bimu ya pili kinapita pale pale. Nimekisogeza, nimekagua hesabu upya, nimemtumia tena, na sasa nangoja aseme.